Linus Yale: Mchoraji aliyeuachia ulimwengu ufunguo mdogo

Siku ya Krismasi ya mwaka 1868, katika jiji la New York nchini Marekani, moyo wa fundi mmoja mwenye umri wa miaka 47 ulisimama ghafla. Alikuwa amefika jijini humo kwa shughuli za kazi. Miezi michache tu kabla ya siku hiyo aliingia ubia na mhandisi kijana ili wajenge kiwanda, na kiwanda hicho hakuwahi kukiona kikisimama.

Jina lake lilikuwa Linus Yale Mdogo. Ufunguo bapa wenye meno upande mmoja, ule unaotiwa mfukoni pamoja na sarafu na mtu akausahau, ni matunda ya fikra zake. Unatumika Unguja na Mombasa, Nairobi na Muscat. Unatumika pia katika maduka ya Mpondwe na Bwera, na katika vituo vya biashara vya Nyakiyumbu, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Mara nyingi jina lililochongwa juu ya ufunguo huo ni la kiwanda kingine kabisa, lakini siri iliyomo ndani ya kitasa chake ni ileile aliyoibuni Yale zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Maisha ya mtu huyu yana la kuwaambia wakazi wa eneo la mpakani, ambako duka lisilofungwa vyema usiku huweza kuamkia tupu. Siku hizi mafundi wa kuchomelea huuza milango ya chuma yenye kitasa kinachotoa makomeo mawili, matatu au zaidi kwa mzunguko mmoja wa ufunguo. Makomeo hayo, ambayo mafundi wengine huyaita ndimi, huingia katika fremu na kuushikilia mlango. Mnunuzi huzihesabu ndimi hizo, na kadiri zinavyozidi ndivyo anavyojiona salama. Yale alitumia sehemu kubwa ya utu uzima wake kuonyesha kwamba hesabu hiyo haitoshi. Kwake yeye maswali yalikuwa mawili: ni kitu gani kinachozizuia ndimi zisirudi nyuma, na kitu hicho kimo mikononi mwa nani?

Mwana wa fundi aliyeshika brashi

Linus Yale Mdogo alizaliwa tarehe 4 Aprili mwaka 1821 huko Salisbury, katika jimbo la New York. Baba yake, aliyeitwa pia Linus Yale, alikuwa mvumbuzi na fundi wa vitasa aliyekuwa na karakana katika kijiji cha Newport, kwenye wilaya hiyohiyo ya Herkimer. Kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza vitasa vya mabenki.

Wengi wangetarajia mtoto wa fundi wa namna hiyo aingie karakanani mapema. Kijana huyu alichagua njia nyingine. Alikuwa na kipaji cha kuchora, na kwa miaka kadhaa alijipatia riziki kwa kuchora sura za watu. Mwaka 1844 alimwoa Catherine Brooks, na wakajaliwa watoto watatu.

Ni rahisi kuiona miaka hiyo ya brashi na rangi kuwa ni wakati uliopotea, lakini mchoraji wa sura hufundishwa na kazi yake kuona tofauti ndogo sana. Nyuso mbili zinaweza kufanana kwa kila hali, kisha unyanyuzi mdogo wa nyusi au upana wa pua ukazitenganisha. Kitasa kizuri nacho hufanya kazi kwa tofauti ndogo. Funguo elfu zinaweza kuingia katika tundu lake, nacho kisiutii ila mmoja. Alipoigeukia kazi ya baba yake, mwishoni mwa miaka ya 1840, alikuja na jicho lililokwisha kuzoea kazi ya namna hiyo. Michoro ya mitambo aliyoibuni aliichora kwa mkono wake mwenyewe.

Zama za wenye mabenki wasiolala

Marekani ya wakati huo haikuwa na benki kuu, wala hapakuwa na bima ya serikali ya kuwalipa wenye akiba pindi benki ikiibiwa. Kila benki ilihifadhi sarafu, noti na hati zake katika sefu yake. Sefu ikivunjwa, mkulima aliyeweka mauzo ya mavuno yake na mjane aliyeweka urithi wake waliweza kupoteza kila kitu kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kitasa cha benki kilikuwa ndicho dhamana ya mji mzima.

Vitasa bora vya zama hizo vilitoka Uingereza. Mwaka 1778 Robert Barron alitengeneza kitasa chenye vibamba vya chuma ambavyo ufunguo ulipaswa kuvinyanyua kwa kipimo kamili. Vikinyanyuliwa pungufu, ulimi haukusogea, na vikinyanyuliwa kupita kiasi haukusogea vilevile. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb wa Portsmouth aliongeza kifaa kilichokwama mara tu mtu alipojaribu kukifungua kitasa kwa ujanja, ili mwenye mali ajue kwamba pamekuwa na mwizi. Joseph Bramah naye alikuwa amebuni kitasa cha mviringo ambacho kampuni yake ilikiweka dirishani mjini London kwa miongo mingi, pamoja na ahadi ya zawadi ya gini 200 kwa yeyote atakayekifungua bila ufunguo.

Sifa hizo zilivunjika mwaka 1851. Katika Maonyesho Makuu ya London, fundi wa Kimarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs alikifungua kitasa cha Chubb kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha akakikabili kile cha Bramah, nacho akakifungua baada ya kazi ya saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Waingereza walifadhaika. Hobbs alikuwa ametumwa na kampuni ya Day & Newell ya New York, iliyouza kitasa chake yenyewe na kukisifu kuwa hakuna mkono uwezao kukishinda.

Miaka michache baadaye Linus Yale Mdogo alionyesha kuwa kitasa hicho cha Day & Newell nacho kinaweza kufunguliwa bila ufunguo wake. Mwaka 1856 alichapisha kijitabu kuhusu vitasa na namna vinavyofunguliwa kwa ujanja, akaeleza udhaifu wa vitasa vilivyoaminiwa na mabenki. Bila shaka kijitabu hicho kilimfaa katika biashara yake, kwa maana naye alikuwa na vitasa vya kuuza. Hata hivyo kiliwapa wenye mabenki jambo ambalo wauzaji wengi waliwanyima, yaani ukweli juu ya bidhaa waliyokwisha kuilipia.

Ndimi nyingi, siri moja

Ili kuelewa alichokifanya Yale, ni lazima kwanza kuuelewa mlango wa sefu. Mlango huo hubeba ndimi nyingi nene zinazotoka kando zake na kuingia katika kuta za sefu. Ndimi hizo hazisukumwi moja moja. Zote zimefungwa katika pau inayoteleza nyuma ya bamba la mlango, na pau hiyo huendeshwa na kishikio kikubwa cha nje. Kishikio kikizungushwa, ndimi zote hutoka au kurudi kwa pamoja.

Katika mpangilio huo, kitasa chenyewe hakibebi uzito wa mlango. Kazi yake ni kutoa kipande kidogo cha chuma kinachoizuia pau isirudi. Kipande hicho kikiwepo, ndimi 10 husimama imara, na kikiondoka, ndimi zote 10 hurudi kwa mkono wa mtoto. Kwa maana hiyo, nguvu ya mlango mzima hukaa katika kitu chenye ukubwa wa kidole.

Wezi wa mabenki walilijua hilo vizuri. Hawakupoteza usiku wakipigana na chuma kinene. Waliliendea tundu la ufunguo. Kwa tundu hilo waliweza kupenyeza nyaya nyembamba na kuvipapasa vibamba hadi vikae sawa. Waliposhindwa kwa nyaya, walimimina baruti tunduni, wakaweka utambi na kuulipua moyo wa kitasa.

Jibu la Yale lilikuwa kuutenganisha moyo wa kitasa na tundu lake. Katika vitasa vya benki alivyovitengeneza katika miaka ya 1850, ambavyo kimoja alikipa jina la kitasa cha maajabu, ufunguo uliingizwa kama kawaida. Lakini kishikio kilipoanza kuzungushwa, sehemu ya meno ya ufunguo iliachana na mpini wake. Magurudumu yenye meno yaliichukua sehemu hiyo na kuipeleka ndani kabisa ya kitasa, mbali na tundu, na wakati huohuo bamba la chuma kigumu lililiziba tundu. Huko ndani meno yalifanya kazi yake juu ya vizuizi, kisha yakarudishwa kwa mwenyewe. Mwizi aliyepenyeza waya hakukuta kitu cha kupapasa, na aliyemimina baruti aliimimina mahali pasipokuwa na moyo wa kitasa.

Hapo ndipo lilipo somo kwa mnunuzi wa mlango wa chuma. Kitasa chenye ndimi tatu zinazoendeshwa na ufunguo mmoja kina ndimi tatu, lakini kina siri moja tu. Ndimi hizo zina faida ya kweli. Mlango ulioshikwa juu, kati na chini ni mgumu kubanduliwa kwa mtaimbo kuliko mlango ulioshikwa mahali pamoja. Lakini mwizi mwenye ufunguo wa bandia, au anayejua kukifungua kitasa duni kwa waya, huzirudisha ndimi zote kwa tendo moja. Hali ni hiyohiyo kwa fremu iliyochomelewa hafifu au bawaba zilizokaa nje ya mlango, kwa maana hapo ndimi za upande wa pili hazisaidii kitu. Chuma huzuia nguvu, na akili huzuiwa na siri ya kitasa. Mwenye duka anahitaji vyote viwili, na idadi ya ndimi humwonyesha kimoja tu.

Pini tano na ufunguo wa mfukoni

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Yale alikuwa ameweka makazi yake Shelburne Falls, mji mdogo wa Massachusetts. Wakati huo kazi yake ilikwenda njia mbili. Ya kwanza ilikuwa vitasa vya benki visivyokuwa na tundu la ufunguo kabisa. Kama tundu ndilo mlango wa mwizi, basi dawa ni kuliondoa. Kitasa chake kilichojulikana kwa jina la Monitor, cha mwaka 1862, kilitumia kisahani cha kuzungusha kwa namba za siri, na kilisaidia kuzihamisha benki za Marekani kutoka katika funguo hadi katika namba.

Njia ya pili ilimhusu mtu wa kawaida. Kitasa cha nyumbani wakati huo kilikuwa kasha kubwa la chuma, na ufunguo wake ulikuwa mrefu na mzito, kwa sababu ulipaswa kuupita unene wa mlango ili uufikie ulimi. Mlango ukiwa mnene, ufunguo ulikuwa mrefu zaidi. Mtu mwenye milango minne alibeba chuma kingi kiunoni.

Yale alichukua wazo la kale sana. Wamisri wa zamani walikuwa na makomeo ya mbao yaliyozuiwa na vijiti vilivyoanguka kwa uzito wao katika matundu ya komeo. Ufunguo wao, nao wa mbao, ulikuwa na meno yaliyovinyanyua vijiti hivyo hadi komeo likawa huru. Baba yake Yale alikuwa amekwisha kutumia pini katika kitasa cha benki. Mwana alilipa wazo hilo umbo jipya, dogo na rahisi, na akapata hataza za uvumbuzi huo mwaka 1861 na mwaka 1865.

Kitasa chake kina silinda ndogo inayozunguka ndani ya ganda lake. Matundu matano hivi yamepangwa kwa mstari, yakianzia katika ganda na kuingia katika silinda. Ndani ya kila tundu mna pini iliyokatwa vipande viwili, na juu yake springi inayoisukuma ishuke. Ufunguo usipokuwamo, kila pini hukaa nusu katika ganda na nusu katika silinda, kama msumari uliopigwa katikati ya mbao mbili, na silinda haizunguki. Ufunguo ukiingia, kila jino lake hunyanyua pini iliyo juu yake. Jino likiwa fupi mno, kipande cha juu cha pini hubaki kimeingia katika silinda, na likiwa refu mno, kipande cha chini huingia katika ganda. Jino likiwa na kipimo chake hasa, mkato wa pini hukaa sawasawa kwenye mpaka wa silinda na ganda. Pini zote tano zikikaa hivyo kwa pamoja, silinda huzunguka, na mkia wake huusukuma ulimi.

Hesabu yake ni rahisi. Kila pini ikiwa na vimo saba vinavyowezekana, pini tano huzaa miundo 16,807 ya funguo. Si yote inayofaa kutumika, kwa kuwa mingine hukaribiana mno, lakini hata sehemu yake ilitosha kumfanya fundi auze maelfu ya vitasa bila funguo za majirani kufunguliana milango. Isitoshe, silinda hukaa karibu na uso wa nje wa mlango. Unene wa mlango haukuwa tena na uhusiano wowote na urefu wa ufunguo, na ufunguo ukawa kipande bapa cha madini kinachoenea kati ya kidole gumba na cha shahada.

Uzuri mwingine wa uvumbuzi huu ni kwamba unatengana na ndimi. Silinda hiyohiyo inaweza kuendesha ulimi mmoja wa mlango wa chumbani au pau yenye ndimi tano za mlango wa ghala. Pia inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine pale ufunguo unapopotea, bila kuubandua mlango. Milango mingi ya leo yenye ndimi kadhaa huendeshwa na silinda ya aina hii, na mwenye mlango anayemshuku mtumishi aliyeondoka hubadilisha silinda peke yake.

Ubia mfupi

Kitasa hicho kilihitaji vipande vidogo vilivyokatwa kwa usahihi mkubwa, kwa maelfu. Yale alikuwa mbunifu hodari, lakini uzalishaji wa kiwandani ulikuwa kazi ya namna nyingine. Mwaka 1868 alikutana na Henry Robinson Towne, mhandisi wa Philadelphia aliyekuwa na umri wa miaka 24, aliyependa mashine na mpangilio wa kazi. Mwezi Oktoba mwaka huo wakaanzisha kampuni, na wakachagua kujenga kiwanda Stamford, katika jimbo la Connecticut.

Ubia huo ulidumu kwa muda wa miezi mitatu hata haikutimia. Yale alipofariki siku ya Krismasi, Towne alibaki na kiwanda kisichokamilika na michoro ya mtu asiyekuwepo. Angeweza kuuza na kuondoka. Badala yake aliiendesha kampuni hiyo kwa miongo kadhaa, ikaja kuitwa Yale & Towne mwaka 1883, na Stamford ikapata sifa ya kuwa mji wa vitasa. Kutoka huko ufunguo bapa ulisafiri na meli za biashara hadi bandari za dunia. Hataza zilipokwisha muda wake, viwanda vya nchi nyingine navyo vikautengeneza, hadi ukafika sokoni kwa bei ambayo mwenye kibanda anaweza kuimudu.

Siri ilipohamia kwa mwanadamu

Kifo kilimnyima Yale nafasi ya kuona jambo ambalo vitasa bora havikulitatua. Wezi walipokishindwa kitasa, walimgeukia anayejua kukifungua. Usiku mmoja wa mwezi Januari mwaka 1876, majambazi waliingia katika nyumba ya karani mkuu wa benki moja ya Northampton, katika jimbo lilelile la Massachusetts alikofanyia Yale kazi zake. Waliifunga familia yake na kumtesa hadi akawatajia namba za siri. Waliondoka na fedha na hati zenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja. Kitasa hakikuvunjwa. Kilifunguliwa kama kilivyoagizwa.

Fundi mwingine wa Marekani, James Sargent wa Rochester, alikuwa amekwisha kutengeneza mwaka 1873 kitasa kinachoongozwa na saa, kisichofunguka kabla ya wakati uliopangwa hata na mwenye namba mwenyewe. Baada ya tukio la Northampton benki nyingi zilikikimbilia. Faida yake haikuwa kulinda fedha peke yake. Karani ambaye hawezi kufungua usiku hana sababu ya kuteswa usiku.

Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa vijijini Uganda wanalijua tatizo hilo kwa namna yao. Mfumo wa vikundi hivyo ulianzia Niger mwaka 1991 na kuenea barani Afrika, na nembo yake ni sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo tatu hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mwingine. Sanduku halifunguliwi ila mbele ya mkutano.

Ukilinganisha sanduku hilo na mlango wa ndimi tatu, tofauti ni kubwa. Mlango una ndimi tatu na siri moja, ilhali sanduku lina makufuli matatu na siri tatu katika mifuko mitatu. Makufuli hayo yanaweza kuwa ya bei nafuu, na bati la sanduku jembamba. Mwizi mwenye nguvu anaweza kulibeba lote. Lakini mtu mmoja wa ndani hawezi kulifungua peke yake kwa siri, na huyo ndiye ambaye kikundi humhofia zaidi. Waliobuni utaratibu huo walijiuliza kwanza ni nani wa kuzuiwa, ndipo wakachagua kifaa.

Anayetaka kutoka

Kuna swali moja zaidi ambalo kitasa cha Yale kilisaidia kulijibu. Kikifungwa kwenye mlango wa nyumba kwa mtindo uliozoeleka, kwa nje huhitaji ufunguo, na kwa ndani hufunguka kwa kuzungusha kitufe au kishikio. Aliye nje huulizwa siri, na aliye ndani haulizwi kitu.

Milango mingi yenye ndimi nyingi haiko hivyo. Huhitaji ufunguo pande zote mbili, na usiku, katika moshi, ufunguo haupatikani upesi. Mwezi Machi mwaka 2001 wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, eneo la Machakos nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2008 uliagiza milango ya mabweni ifunguke kuelekea nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwamo, na madirisha yasiwe na nondo.

Wakazi wa Bwera na Nyakiyumbu hawahitaji kukumbushwa uzito wa jambo hili. Mwezi Juni mwaka 2023 wapiganaji wa kundi la ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Wavulana walijifungia bwenini, na bweni likachomwa moto. Lawama ya usiku ule ni ya waliouleta moto. Hakuna kitasa kilichobuniwa kushindana na jeshi, na ulinzi wa namna hiyo hudaiwa kwa dola. Lakini kila anayejenga bweni, duka la ghorofa au nyumba ya kupanga katika eneo hilo sasa anajua kwamba mlango una kazi mbili, kumzuia anayeingia na kumwachia anayetoka, na kwamba ndimi zikiongezwa bila kuifikiria kazi ya pili, mlango huo huweza kuwa kaburi.

Fundi anaweza kulitimiza hilo kwa gharama ndogo. Silinda huwekwa upande wa nje, na upande wa ndani huwekwa kishikio kinachorudisha ndimi zote kwa mkono mmoja bila ufunguo. Mnunuzi anapaswa kukijaribu akiwa amefumba macho, kama atakavyokuwa siku ya moshi. Kisha ndipo ahesabu ndimi, atazame bawaba na fremu, na aulize kama silinda inaweza kubadilishwa.

Linus Yale Mdogo hakuishi kuona nyumba za Afrika Mashariki zikifungwa kwa ufunguo aliouchora, na jina lake leo wengi hulidhani kuwa ni la kampuni tu, au hulichanganya na Chuo Kikuu cha Yale, ambacho kilipata jina lake karne moja kabla hajazaliwa. Alichoacha ni pini tano na springi zake, pamoja na desturi ya kukijaribu kila kitasa kwa jicho la mwizi kabla ya kukikabidhi kwa mwenye mali.